Namna ya Kununua Vifaa vya Dharura Bila Kodi ya Mauzo Nchini Marekani

Katika majimbo mengi ya Marekani, bei iliyobandikwa kwenye rafu siyo bei utakayolipa, kwa kuwa kodi ya mauzo huongezwa unapofika kwa keshia. Majimbo machache yanayokumbwa mara kwa mara na vimbunga na tonado yametenga siku maalumu ambazo kodi hiyo haitozwi kwa vifaa vya kujiandaa kwa dharura. Nafuu hiyo ni ya kweli, lakini ina masharti, na mnunuzi asiyeyajua huweza kusoma risiti yake akiwa tayari nje ya duka na kukuta kwamba kitu alichokifuata kimetozwa kodi kama siku nyingine yoyote. Mwongozo huu unaifuata zaidi Texas, ambako kanuni zimeandikwa kwa kina, na kuigusa Alabama, Virginia na Florida pale zinapopishana nayo.

Anza na tarehe. Serikali kuu ya Marekani haina kodi ya mauzo, hivyo kila jimbo hujipangia siku zake. Alabama hutangulia: msamaha wake huanza Ijumaa na kuisha Jumapili ya wikendi kamili ya mwisho ya Februari, kabla msimu wa tonado haujakolea. Texas huanza dakika moja baada ya saa sita usiku wa kuamkia Jumamosi inayotangulia Jumatatu ya mwisho ya Aprili, na kufunga usiku wa Jumatatu hiyo. Virginia hungoja hadi Ijumaa ya kwanza ya Agosti, ikiunganisha vifaa vya dharura na vya shule katika siku tatu zilezile. Msimu wa vimbunga vya Atlantiki huanza Juni 1 na kumalizika Novemba 30, kwa hiyo mkazi wa Virginia anayesubiri msamaha atakuwa amekaa miezi miwili ya msimu huo mikono mitupu. Kwa maoni yangu, betri na tochi hazistahili kungojewa hivyo kwa ajili ya senti chache. Jenereta huenda ikastahili.

Florida imechukua njia nyingine. Badala ya vipindi vya wiki mbili vilivyokuwa vikitangazwa huko nyuma, tangu Agosti 1, 2025 baadhi ya vifaa havitozwi kodi mwaka mzima. Miongoni mwake ni betri za kawaida, turubai zisizozidi futi za mraba 1,000, madumu ya mafuta yasiyozidi galoni 5, vitambua moshi, mitungi ya kuzimia moto, na jenereta za kubebeka zisizozidi wati 10,000. Tochi na redio, zilizokuwa ndani ya vipindi vile vya zamani, hazimo katika orodha hii ya kudumu.

Baada ya tarehe, shika viwango vya bei, kwa maana hapo ndipo wengi hukosea. Texas ina viwango vitatu: jenereta ya kubebeka ni lazima iwe chini ya dola 3,000, ngazi ya kujiokolea na vizuizi vya madirisha vya kukinga kimbunga, chini ya dola 300, na vifaa vidogo, chini ya dola 75 kila kimoja. Katika kundi hili la mwisho mna betri za AA, AAA, C, D, volti 6 na volti 9, mishumaa, tochi na taa za betri, redio za betri, betri na chaja za simu za mkononi, masanduku ya huduma ya kwanza, vifungulia makopo visivyotumia umeme, masanduku ya barafu yasiyotumia umeme, madumu ya mafuta, mashoka, turubai, mitungi ya kuzimia moto, vitambua moshi na vitambua kaboni monoksidi, yaani gesi ya sumu inayotoka kwenye injini. Kiwango hupimwa kwa kila kifaa, siyo kwa jumla ya risiti, na idadi haina kikomo: ukinunua taa kumi za dola 40 kila moja, zote kumi hazitozwi.

Zingatia pia kwamba sheria ya Texas inasema chini ya dola 75, si dola 75 kushuka chini. Kifaa cha dola 74.99 hakina kodi. Cha dola 75 kamili kinatozwa kodi kwenye bei yake yote, wala si kwenye senti iliyozidi tu. Alabama na Virginia hutumia lugha tofauti: vifaa vidogo visizidi dola 60 na jenereta isizidi dola 1,000, kwa hiyo kifaa cha dola 60 kamili kimo ndani. Mtu aliyehama kutoka jimbo moja kwenda jingine asibebe kanuni za zamani kichwani.

Gharama ya kuletewa mzigo ndiyo mtego mkubwa zaidi, na hauonekani mpaka ukurasa wa mwisho wa malipo. Huko Texas, malipo ya usafirishaji yanayotozwa na muuzaji huhesabiwa kuwa sehemu ya bei. Ngazi ya kujiokolea ya dola 299 iko chini ya kiwango. Ikiongezewa dola 10 za kuletewa, bei yake inakuwa dola 309, na kodi inatozwa kwenye dola 309 zote. Dawa ni kuifuata dukani mwenyewe, au kutafuta muuzaji anayesafirisha bila malipo. Ununuzi wa mtandaoni wenyewe hauna tatizo, ilimradi uagize na kulipa ndani ya siku za msamaha na muuzaji akubali oda hiyo ili isafirishwe mara moja. Mzigo unaweza kufika baadaye.

Usidhani kwamba kila kinachofaa wakati wa tufani kimesamehewa. Texas haisamehi chenso, plaiwudi, mahema, majiko ya kambi, ngazi za kawaida, betri za magari na boti, wala vipuri na ufundi wa kutengeneza vifaa vilivyomo katika orodha. Hakuna mantiki moja inayopita majimbo yote: plaiwudi inayotozwa Texas haitozwi Alabama ikiwa ndani ya kiwango cha dola 60, na chenso ya petroli isiyozidi dola 350 haina kodi Virginia. Kwa hiyo soma orodha ya idara ya mapato ya jimbo lako na uiandike kando ya orodha yako ya mahitaji kabla hujatoka nyumbani.

Kisha piga hesabu. Kodi ya jimbo la Texas ni asilimia 6.25, na miji na mamlaka nyingine za mitaa zinaweza kuongeza hadi asilimia 2, hivyo kiwango cha juu kabisa ni asilimia 8.25. Kwa kiwango hicho, tochi ya dola 20 inakuokolea dola 1.65, ilhali jenereta ya dola 1,000 inakuokolea dola 82.50. Ni wazi kwamba faida iko kwenye jenereta, na kwamba punguzo la kawaida la asilimia 15 wiki nyingine huishinda siku ya msamaha kwa urahisi. Alabama ina jambo la ziada la kuangalia: kodi ya jimbo, ambayo ni asilimia 4, huondolewa kila mahali, lakini kaunti na miji huamua yenyewe kama itasamehe kodi yake, hivyo risiti inaweza kubaki na kodi ya mtaa bila keshia kuwa amekosea.

Ukinunua jenereta, nunua na kitambua kaboni monoksidi siku hiyohiyo, kwani nacho kimesamehewa. Jenereta yenyewe haina budi kukaa nje, angalau futi 20 kutoka madirishani na milangoni; kaboni monoksidi inayotoka humo haina rangi wala harufu, na huua watu waliolala.

Dukani hakuna fomu ya kujaza wala cheti cha kuonyesha. Kodi inapaswa kujiondoa yenyewe kwenye mashine ya malipo. Hata hivyo, soma risiti kabla hujaondoka kaunta, kifaa kwa kifaa, kwa sababu mashine hupangwa na binadamu. Ukikuta umetozwa kimakosa, mwombe muuzaji akurudishie. Ukigundua baadaye, rudi na risiti kwa muuzaji yuleyule: huko Texas anaweza kukurudishia fedha, au kukupa Fomu 00-985, inayokuhamishia haki ya kudai, ili uwasilishe dai lako mwenyewe kwa ofisi ya mdhibiti wa hesabu za umma ya jimbo.