Kuunda kompyuta za oda na kuziuza pembeni ya kazi yako: unaanzia wapi na hela inatoka wapi

Kabla hujanunua hata skrubu moja elewa kitu kimoja, kufunga kompyuta ndo sehemu nyepesi kuliko zote kwenye hii biashara. Mtu mwenye bisibisi nzuri na mikono iliyotulia anamaliza mashine ndani ya masaa mawili matatu, na video za kufundisha zimejaa mtandaoni za kumwaga. Kwahiyo mteja hakulipi kwa sababu hawezi kufunga, anakulipa kwa sababu anaogopa kukosea kuchagua vifaa na anataka mtu wa kumpigia siku mashine ikigoma kuwaka. Ukishalielewa hilo hata bei utajua kuipanga.

Kingine, usijaze stoo. Najua unatamani zile mashine tano zimepangwa mezani zinawaka taa rangi rangi, ila vifaa vya kompyuta vinakaa kwenye boksi huku thamani inashuka, kizazi kipya cha kadi ya grafiksi (ile inayotengeneza picha za skrini) kikitoka tu ile uliyonunua inakuwa ya zamani na hela yako imelala humo. Fanya kwa oda. Mteja anasema shida yake, unamwandikia orodha ya vifaa na bei, na orodha iandikwe mwisho wake ni lini, siku tatu nne zinatosha maana bei za ramu (kumbukumbu ya muda) na SSD (diski ya kuhifadhia) zinapanda na kushuka utadhani zina wazimu. Akikubali analipa hela yote ya vifaa mbele, ya ufundi anamalizia akishaona mashine inafanya kazi. Kuna wanaochukua nusu, mi siishauri, akighairi unabaki na mashine ambayo kaichagua yeye kwa matumizi yake na kwa rangi anazozipenda yeye, utamuuzia nani?

Sasa kwenye kuongea na mteja usimuulize anataka prosesa (chipu kuu ya kompyuta) gani, atakutajia jina la ghali alilolisikia kwa mshkaji wake. Muulize anafanyia nini na ana skrini gani. Mtu anacheza gemu kwenye skrini ya 1080p ya hezi 60, yaani ya kawaida tu, ukimuuzia kadi ya grafiksi ya skrini kali za 4K umemla hela bure na ipo siku atajua. Wa kuhariri video mwekee ramu ya 32GB na SSD kubwa kabla hujaanza kufikiria taa. Wa mahesabu na Excel hahitaji kadi kabisa, mpe prosesa yenye grafiksi ndani, na hapo angalia herufi za mwisho kwenye jina: Intel ikiwa na F haina grafiksi, Ryzen 5 5600 ya AMD haina lakini 5600G inayo. Herufi moja tu hiyo inaweza kukufanya uwashe mashine ya mtu skrini ibaki nyeusi na wewe unaanza kulaumu mazabodi (bodi kuu inayobeba vifaa vyote).

Kuoanisha vifaa ndo kichwa chako kinapolipwa. Soketi (pale prosesa inapochomekwa) ya AM4 ya AMD inatumia ramu ya DDR4, AM5 inatumia ya DDR5 tu, ila LGA 1700 ya Intel zipo mazabodi za DDR4 na zipo za DDR5 na majina yanafanana sana, soma mpaka mwisho wa jina. Alafu mazabodi za LGA 1700 za mwanzo zilitoka na prosesa za kizazi cha 12, ukichomeka ya 13 au ya 14 inaweza isiwake mpaka BIOS (programu ya mazabodi inayowasha mashine) ihuishwe, kwahiyo nunua yenye kitufe cha kuhuisha BIOS kwa flashi bila prosesa, kitakuokoa. Pima pia urefu wa kadi na urefu wa cooler (ile ya kupoza prosesa) uone kama vinaingia kwenye kesi, yaani boksi la nje la kompyuta, hivyo vipimo vimeandikwa kwenye tovuti ya mtengenezaji, wala sio vya kukisia.

Pawa saplai, yaani kifaa kinachogawa umeme ndani ya mashine, usibanie hela. Ile nembo ya 80 Plus inakwambia ufanisi wa umeme tu, haikwambii ndani wameweka vifaa vya aina gani, so soma majaribio ya modeli yenyewe. Na kama ni zile za waya za kuchomoa, USICHANGANYE waya za pawa saplai moja na nyingine hata kama zinaingia vizuri kabisa, maana upande wa pawa saplai kila mtengenezaji anapanga pini zake anavyotaka, na wakati mwingine hata modeli mbili za kampuni moja hazifanani. Unawasha unasikia harufu, SSD imeshaenda.

Ukifika kwenye kufunga, usikimbilie kesi. Weka mazabodi juu ya boksi lake, funga prosesa, cooler na ramu, chomeka pawa saplai na skrini, washa. Kama prosesa haina grafiksi ongeza na kadi. Ukiona BIOS inasoma prosesa na ramu zote, ndo unaingiza ndani. Faida yake ni kwamba ikigoma hapo unajua tatizo liko kwenye vitu vinne vitano, sio kwenye waya ishirini ulizozifunga vizuri kwa nyuma. Cooler nyingi zinakuja na plastiki nyembamba pale inapokalia prosesa, ibandue, watu wanaisahau kila siku alafu wanashangaa joto. Ramu mbili kwenye mazabodi ya nafasi nne huwa zinakaa ya pili na ya nne kuanzia upande wa prosesa. Alafu ingia BIOS uwashe XMP au EXPO (mpangilio wa kasi kamili ya ramu), bila hivyo ramu ya DDR5 ya kasi ya 6000 uliyomuuzia mteja inaweza kukimbia 4800 tu na akija kugundua atahisi umempiga.

Baada ya hapo mashine isitoke siku hiyo hiyo. Iache usiku kucha kwenye MemTest86 (programu ya kupima ramu), asubuhi ikandamize prosesa na programu za OCCT au Cinebench nusu saa hivi huku unaangalia joto, kadi nayo ipelekeshe na gemu zito, SSD iangalie afya yake kwa programu ya CrystalDiskInfo. Piga picha matokeo, na uandike namba za siriali za kila kifaa. Hii sio mapambo, siku mtu akirudisha kadi iliyoungua utaona kama ndo ile uliyomfungia wewe au ni ya jirani yake.

Windows ya kukraki sahau. Ama leseni halali inaingia kwenye invoisi, ama unamkabidhi mashine tupu aweke mwenyewe, ama Linux kama anaijua. Na ukishawishika kuuza mashine kuukuu ulizozifufua, Windows 10 iliishiwa msaada wa kawaida wa Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka TPM 2.0 (sehemu ya usalama ya kompyuta) na prosesa iliyopo kwenye orodha yao, kwa hiyo kagua kabla hujanunua hiyo bodi ya bei chee. Vifaa vya mtumba sio dhambi ila mwambie mteja kipi ni mtumba, kwa maandishi.

Haya twende kwenye bei maana hapa ndo wengi wanafanya kazi ya bure. Tuseme vifaa vinagharimu 100. Wengi wanaongeza 10 wanaona wamepata 10. Hesabu masaa sasa: kuchat na mteja anayebadilisha mawazo, kufuata vifaa, kufunga, kupima, kupeleka, na zile simu za "mbona intaneti iko slo" ambazo hazihusiani na wewe lakini utapokea. Mi naona 15 mpaka 20 ndo inaeleweka, na katika hiyo kama 5 usiiguse, ni ya vifaa vitakavyokufa. Mashine za bei ndogo asilimia haisaidii kwa sababu zinakula muda uleule, hizo weka kiwango cha chini cha ufundi ambacho hushuki hata aje binamu yako. Haswa binamu yako.

Waranti ndo inaua watu. Mtengenezaji anatoa waranti ya kifaa, lakini risiti ina jina lako, kwahiyo wewe ndo unayekipeleka na wewe ndo unayesubiri wiki kadhaa huku mteja anakupigia kila asubuhi. Weka pembeni pawa saplai moja, ramu na kadi ya zamani vya kuazimisha, hapo ndo utaona watu wanavyokusifia kwa wenzao. Na andika karatasi mapema: ufundi wako unausimamia miezi mingapi, vifaa ni kwa masharti ya mtengenezaji, maji na virusi havimo.

Usajili na kodi uliza mapema kwenye ofisi husika za unapoishi, na kama umeajiriwa soma mkataba wako usije ukaukuta una kipengele cha biashara za pembeni.

Mashine ikisafirishwa kwa gari au posta, kadi nzito itoe uifunge kwenye boksi lake, ikiachwa inaning'inia inaweza kuvunja nafasi yake kwenye mazabodi. Mpe mteja video fupi ya kuirudishia na umkumbushe kebo ya skrini ichomekwe kwenye kadi sio kwenye mazabodi, hiyo simu utaipata tu. Kila mashine ifungulie faili lake lenye orodha ya vifaa, siriali, picha na toleo la BIOS, ili mtu akirudi baada ya mwaka anataka kuongeza ramu unajua hapo hapo nafasi ngapi ziko wazi na pawa saplai yake inabeba nini, bila kumwambia afungue kesi akusomee kwenye simu.