Kupanga maua bandia nyumbani yaonekane kama yamechumwa leo

Kinachoyaumbua maua bandia mara nyingi si plastiki wala kitambaa, ni kufanana. Maua kumi yaliyotoka kwenye kalibu moja yana umri mmoja na kimo kimoja, na yote yanamkodolea macho anayeingia mlangoni. Bustanini hakuna kitu kama hicho: ua moja limeinama upande wa mwanga, jirani yake bado ni tumba, na la chini limeanza kulegea petali. Kazi iliyo mbele yako ni kuuvuruga usawa huo wa kiwandani, shina moja baada ya jingine, kabla hujagusa chombo.

Tazama majani kwanza

Wanunuzi wengi huvutwa na ua lenyewe, kumbe jani ndilo linalosema uongo vibaya zaidi. Ligeuze. Upande wa chini unapaswa kuwa umepauka kidogo kuliko wa juu, na mishipa uisikie kwa kidole, isiwe ya kuchorwa tu. Jani lenye mgongo mweupe wa kitambaa litajulikana mara tu mtu atakapoketi karibu. Kisha angalia shina: la kweli lina kijani kinachobadilika kutoka chini kwenda juu, la bandia la hovyo lina kijani kimoja na mshono wa plastiki ubavuni. Mshono huo unaweza kuukwangua kwa kisu kidogo, lakini mng'ao wa jani la plastiki hauondoki kirahisi.

Rangi iwe ile ambayo ua hilo huizaa kweli. Waridi, kwa mfano, halina bluu kwa asili, hivyo waridi la bluu litabaki bandia hata ulipange kwa ustadi gani. Epuka pia maua yenye matone ya umande ya gundi. Umande hukauka asubuhi, hayo hayakauki miaka mitano.

Fahamu pia umeshika nini mkononi, kwa sababu kila aina hustahimili joto kwa kiasi chake. Maua yanayoitwa ya hariri kwa kawaida ni ya poliesta. Mengine ni plastiki tupu, na mengine yamepakwa lateksi au mpira laini ili yawe na mguso wa ubichi. Kwa chombo chenye kimo cha sentimita 20 hadi 25 yanatosha maua makubwa matano au saba, matawi matatu ya majani, na vitawi viwili vya maua madogo ya kujazia. Kama fedha ni chache, nunua maua matatu mazuri na uyaweke kwenye chombo chenye shingo nyembamba. Hayo matatu yatapendeza kuliko fungu la maua kumi na mawili ya bei ya chini.

Kuondoa mikunjo ya safari

Maua husafirishwa yakiwa yamebanwa, kwa hiyo hufika petali zikiwa zimejikunja na majani yamelaliana. Kwa maua ya poliesta tumia mvuke wa pasi au wa birika. Shika shina kwa mkono wenye glavu, weka ua umbali wa sentimita 15 hadi 20 kutoka kwenye mvuke kwa sekunde kumi hivi, liondoe, kisha lipange kwa vidole likiwa bado na joto: petali za nje zikunjie nje kidogo, za ndani ziache zimekumbatiana. Lishike hivyo mpaka lipoe, maana kitambaa hicho hushika umbo kinapopoa, si kinapopata moto.

Kosa la kawaida hapa ni kuelekeza mvuke kwenye kitako cha ua. Petali nyingi zimeshikizwa hapo kwa gundi ya moto, na gundi hiyo hulainika kwa joto, basi ua zima linachomoka mkononi. Likikuchomokea, lirudishe kwa tone la gundi mpya na ulishike kwa nusu dakika.

Plastiki haitaki mvuke wa karibu. Tumbukiza jani kwenye maji ya moto yasiyochemka kwa nusu dakika, linyooshe, kisha lipoze kwenye maji baridi. La lateksi lipashe kwa pumzi ya mashine ya kukaushia nywele kwenye joto la chini kabisa, kwa sababu likizidiwa na moto hunata na kuvuta kila chembe ya vumbi. Nyuzi zilizochomoza ukingoni mwa petali zikate kwa mkasi mkali. Kuzichoma kwa kiberiti ni kamari, poliesta huyeyuka na kuacha ukingo mweusi mgumu.

Kupinda shina: hapa ndipo kazi ilipo

Ndani ya shina kuna waya, na waya huo uliwekwa uupinde. Usipinde mahali pamoja kama unakunja msumari, kwani kona kali haipo kwenye mmea. Lishike shina kwa mikono miwili, vidole gumba vikiwa chini yake, ulisukume kidogo kidogo ukisogea kutoka chini kwenda juu, mpaka upate mkunjo mrefu wa taratibu. Shina gumu lizungushe kwenye chupa. Halafu inamisha shingo, yaani sentimita tatu au nne za mwisho chini ya ua: ua zito liiname zaidi, tumba liwe karibu wima. Kikonyo cha kila jani nacho kipinde, jani moja likitazama juu na jingine likining'inia.

Ukirudia kupinda na kunyoosha mahali palepale, waya huchoka na kukatika ndani ya plastiki. Shina litaonekana zima lakini halitashika umbo. Fimbo nyembamba ya mianzi iliyofungwa kwa utepe wa kijani italiokoa, mradi fundo lifichwe ndani ya chombo.

Kiasi cha kupinda hutegemea ua lenyewe, na hapa anayeyajua maua ya kweli ana faida kubwa. Mashina ya tulipu huendelea kurefuka hata baada ya kukatwa, na hujipinda kufuata mwanga, kwa hiyo tulipu saba zilizosimama wima kama askari wa gwaride hazimdanganyi mtu. Mbili kati yake ziangukie nje ya ukingo. Kichwa cha alizeti ni kizito, kiinamishe kama mtu anayesinzia. Hidranjia lina kichwa kikubwa, likate fupi ili likalie ukingo wa chombo, na majani yake yakae mawili mawili yakikabiliana. Jani la waridi ni vijani vitano au saba kwenye kikonyo kimoja, basi ukiona waridi lenye jani moja pana, ling'oe jani hilo.

Kwa yungiyungi na okidi, maua ya chini hufunguka kwanza na matumba hubaki nchani. Viwanda vingine huchomeka ua lililofunguka juu kabisa. Vichwa vingi vimechomekwa tu kwenye kijiti cha plastiki, kwa hiyo vichomoe uvibadilishane nafasi. Okidi ya kipepeo ina jambo lake la pekee: maua yake yote hutazama upande mmoja kwenye tawi lililopinda kama upinde wa mshale, hivyo usiyageuze huku na huko kama utakavyofanya kwa waridi.

Kukata

Urefu wa maua kutoka mezani hadi ncha ya juu uwe takribani mara moja na nusu hadi mara mbili ya kimo cha chombo. Kwa meza ya kulia usizidi sentimita 35, ama sivyo walioketi watazungumza na majani badala ya kutazamana. Kabla ya kukata, pinda ncha ya chini ya shina uone kimo kinafaa. Ukishakata huwezi kuunga. Tumia koleo la kukatia waya, mkasi wa kawaida utapata mapengo siku hiyohiyo. Mashina yasikatwe sawa. Acha tofauti ya sentimita nne hadi sita kati ya moja na jingine, na kipande kilichobaki chenye majani usikitupe, kitajazia pengo baadaye.

Chombo na kinachoshikilia

Maua bandia hayana maji ndani, chombo kitupu ni chepesi na vichwa ni vizito juu, hivyo hupinduka kwa upepo wa feni tu. Weka kokoto au mchanga chini, robo ya chombo hivi.

Chombo kisichopenya mwanga ndicho rahisi zaidi kwa anayeanza. Ndani yake bana sponji kavu ya maua, ile ngumu ya kijivu au kahawia. Ile ya kijani inayolowekwa maji ni ya maua mabichi, ikiwa kavu hubomoka na mashina mazito huipanua tundu. Sponji iishie sentimita mbili au tatu chini ya ukingo, juu yake utandaze ukoka mkavu au changarawe. Huna sponji? Finyanga waya wa wavu wa kuku uwe kama mpira uliolegea, au piga selotepu nyembamba inayopenya mwanga kwenye mdomo wa chombo, njia panda, ukiacha vijisanduku vya sentimita mbili hadi tatu.

Chombo cha kioo ni mtihani, kwa sababu mashina yako uchi. Yaondoe majani yote yatakayokuwa chini ya ukingo na uyapishanishe mashina kwa mshazari. Ukitaka kuweka maji, hakikisha mashina yamefunikwa plastiki, si karatasi, na ncha zilizokatwa uzizibe kwa gundi ya moto au rangi ya kucha isiyo na rangi. Waya ulio wazi hupata kutu na maji yanageuka ya chai. Weka maji theluthi moja ya chombo, uyabadilishe kila wiki. Maji yenye utando wa vumbi juu ni ushahidi dhidi yako.

Kupanga

Anza na majani. Chomeka matawi matatu kwa vimo visivyolingana, moja likivuka ukingo na kushuka upande. Hayo ndiyo yatakayoamua umbo la shada zima. Kisha weka ua kubwa kuliko yote, lililofunguka kabisa, chini karibu na ukingo, na lisiwe katikati. Maua mengine yafuate kwa makundi yasiyo sawa: mawili yakaribiane hadi petali zigusane, moja likae mbali peke yake. Matumba yaende juu na pembeni. Maua madogo ya kujazia yawe ya mwisho, machache.

Geuza ua moja au mawili yaonyeshe mgongo na kikombe chake cha kijani. Watu huogopa hatua hii, lakini ndiyo inayofanya jicho liamini. Acha nafasi tupu ambayo kipepeo angeweza kupita. Shada lililojaa kama mto wa kulalia halina mmea unaolifanana. Baada ya hapo rudi nyuma hatua nne, ukizungushe chombo, na utafute maua yaliyo kwenye mstari mmoja. Yavunje mstari.

Tawi moja la kweli, kavu au bichi, hufanya maua bandia saba yaaminike. Tawi kavu lenye magamba halihitaji huduma. Bichi linahitaji maji, basi liweke kwenye kichupa chake kidogo ndani ya chombo ili maji yasifikie waya za mengine.

Rangi kidogo

Ua jeupe la kiwandani huwa jeupe kupita kiasi. Saga chaki ya rangi ya krimu au kijani-njano iwe unga, upake katikati ya ua kwa brashi laini, upulize inayozidi. Kwa majani, changanya rangi ya akriliki ya kahawia na maji mara tatu yake, uiguse ncha ya jani moja au mawili kwa sponji. Yakiwa matano utadhani mmea una ugonjwa. Manukato usinyunyizie petali: huacha madoa, na mafuta yake hushika vumbi. Ukitaka harufu, dondoshea mafuta ya manukato kwenye pamba na uifiche ndani ya chombo.

Mahali pa kuyaweka

Petali ya kweli hupitisha mwanga, ya bandia huuzuia. Kwa hiyo usiyaweke yakiwa yametenganisha macho ya mgeni na dirisha: mwanga wa nyuma utayageuza vivuli vizito, na jua lenyewe litayapausha rangi. Mwanga wa ubavuni ndio rafiki. Mahali pawe ambapo ua halisi lingewekwa. Ujia wenye giza totoro hauna ua linaloishi humo.

Kalenda nayo huumbua. Maua ya kukatwa hudumu wiki moja au mbili, hivyo shada lililokaa mezani miezi minane halihitaji kuguswa ili lijulikane. Kuwa na mashada mawili, moja nje na jingine sandukuni, uyabadilishane kila baada ya wiki chache.

Vumbi liondoe kila wiki kwa brashi laini au hewa baridi ya mashine ya kukaushia nywele. Maua ya kitambaa yaliyochakaa kwa vumbi yatie kwenye mfuko wa karatasi pamoja na nusu kikombe cha chumvi ya mawe, vichwa vikiwa chini, utikise dakika moja au mbili, kisha uyakung'ute maua nje. Plastiki ifute kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo. Usiloweke maua ya kitambaa: gundi huachia na rangi huweza kutoka, na hata kabla ya kuyafuta jaribu kwanza kwa pamba iliyolowa kwenye petali ya nyuma. Wakati wa kuyahifadhi, yafungie yakiwa yamening'inia vichwa chini ndani ya mfuko wa kitambaa, kabatini penye ubaridi. Darini chini ya mabati gundi italegea, na utaanza tena na mvuke.