Namna ya kuzuia alumini isiliwe na maji ndani ya rangi ya silva

Mafundi wa mageti wa Katwe, hapa Kampala, wamezoea rangi ya silva ya mafuta, ambamo magamba madogo ya alumini yanayoipa mng'ao hukaa salama kwa kuwa hayagusani na maji. Anayetaka kutengeneza rangi ya maji ajue kwamba maji huila alumini na kutoa haidrojeni: gramu 1 tu, ikiliwa yote, hutoa zaidi ya lita 1 ya gesi, kiasi cha kuvimbisha kopo na kung'oa kifuniko.

Kwanza, nunua pesti ya alumini, yaani uji mzito wa magamba hayo, iliyotengenezwa mahususi kwa rangi za maji. Ipo iliyotibiwa kwa fosfeti na ipo ambayo kila gamba limefunikwa kwa silika, madini yaleyale ya kioo. Mimi huchagua ya silika, ingawa ni ghali zaidi, kwa sababu ngozi yake huzuia maji vizuri zaidi.

Pili, pima pH, yaani kipimo cha uasidi au ualkali, na hapa usiwe na haraka. Utando mwembamba wa asili unaoilinda alumini hustahimili takriban pH 4 hadi 8.5, ilhali gundi nyingi za akriliki, zile zinazoishikilia rangi ya maji, huwa na pH 8 hadi 9 kutokana na amonia. Lenga 7.5 hadi 8, lakini usishuke zaidi, kwani akriliki huweza kuganda. Ukihitaji kuipandisha, tumia amini dhaifu (alkali ya jamii ya amonia), tone kwa tone. Maji yawe yale safi ya kuongezea betri, si asidi yake, wala si ya kisima, kwa maana chumvi za kloridi zilizomo hutoboa utando huo.

Tatu, loweka pesti katika butili glikoli, kiyeyushi cha rangi, ya uzito uleule kwa nusu saa, ukikoroga polepole kwa mwiko mpana hadi usihisi chembe ukiisugua kwa vidole vyenye glavu. Kisha mimina gundi kidogo kidogo. Mashine ya kasi isitumike kabisa: huvunja magamba na kuacha metali tupu.

Nne, kabla ya kufunga makopo, weka sampuli kwenye chupa yenye mrija unaoingia katika silinda ya kupimia iliyojazwa maji na kupinduliwa ndani ya beseni, uiache kwenye joto la 40 °C kwa siku 30. Anza kuhesabu gesi chupa ikishapata joto, kwa kuwa hewa yenyewe hutanuka. Gesi ikiendelea kuongezeka, rudi kwenye pH.

Makopo yawe na vifuniko vyenye tundu la kupumulia, yakae mbali na anayechomelea vyuma, kwani haidrojeni huwaka ikifika asilimia 4 tu ya hewa.