Namna ya Kuingiza Ujuzi wa Kidijitali katika Masomo ya Kila Siku: Mwongozo kwa Mwalimu wa Mombasa

Ujuzi wa kidijitali ni mmoja wa umilisi 7 wa kimsingi katika mtaala wa Kenya, nao unatakiwa upenyezwe katika masomo yote badala ya kuachiwa mwalimu mmoja anayejua kompyuta. Ushauri wangu kwa mwalimu wa Likoni, Kisauni au Changamwe anayeanza kazi hii ni kwamba asianze na kifaa, bali aanze na somo. Tazama maazimio ya kazi ya muhula, uchague mada ambayo mwanafunzi ataielewa vizuri zaidi akiitafutia habari au akiichorea grafu, na mada nyingine uzifundishe kama kawaida. Kipindi kimoja cha namna hiyo kwa wiki kinatosha, mradi kimeandaliwa. Kishikwambi kilichowashwa ili mgeni wa shule akione hakimfunzi mtoto chochote.

Hesabu vifaa vinavyofanya kazi, si vile vilivyoandikwa kwenye orodha. Ikiwa shule yako ilipata vishikwambi, vipakatalishi na projekta kupitia mpango wa serikali ulioanza kusambaza vifaa mwaka 2016, fungua kabati uvikague, kwa kuwa betri iliyokaa muda mrefu bila chaji huharibika, na hewa ya chumvi ya pwani haivisaidii. Wala usitegemee intaneti wakati wa kipindi. Ni kweli kwamba nyaya za chini ya bahari zinazoiunganisha Kenya na dunia, zikiwemo SEACOM na TEAMS zilizoanza kazi mwaka 2009, zinatua hapa hapa Mombasa, lakini ujirani huo haumnunulii mwalimu bando. Programu ya bure iitwayo Kiwix hukuwezesha kupakua Wikipedia, hata ile ya Kiswahili, na kuisoma bila mtandao. Ipakue mapema, kisha uinakili kwenye kila kifaa.

Darasa likiwa kubwa na vifaa vichache, gawa wanafunzi katika makundi ya wanne, na kila mmoja awe na kazi yake: mmoja ashike kifaa, wa pili asome kwa sauti, wa tatu aandike, na wa nne apinge, yaani adai ushahidi wa kila jambo linalosemwa. Mtoto mwenye mazoea ya simu nyumbani mpe kalamu, usimpe kifaa, la sivyo wenzake watabaki watazamaji. Kazi hizi zibadilishwe kila kipindi.

Sasa tuchukue mfano wa Masomo ya Jamii. Waulize wanafunzi Ngome ya Yesu ilijengwa mwaka gani. Yamkini baadhi ya makundi yatarudi na mwaka 1593 na mengine na 1596, na ubishi utazuka. Usiuamue. Waagize warudi kwenye kurasa walizosoma, wasome sentensi nzima badala ya kuchopoa tarakimu, mpaka wagundue wenyewe kwamba Wareno walianza ujenzi mwaka 1593 na kuukamilisha mwaka 1596, na kwamba hakuna ukurasa uliodanganya. Baada ya hapo ndipo uandike ubaoni maswali matatu ya kuulizwa kila habari: nani ameiandika, aliiandika lini, na ni nani mwingine anayeithibitisha bila kuinakili? Swali la tatu ndilo gumu zaidi na ndilo linalostahili muda mwingi, kwa sababu kurasa nyingi za mtandaoni hunukuu ukurasa mmoja, na mtoto akiyakuta maneno yale yale mara tano hudhani amepata mashahidi watano, kumbe shahidi ni mmoja. Waonyeshe dalili zake: sentensi zinazofanana neno kwa neno, au kosa la tahajia linalojirudia kila mahali. Wazoeze vilevile kurudi kwenye chanzo. Anayetaka kujua ngome hiyo iliingia lini katika Urithi wa Dunia aiangalie orodha ya UNESCO yenyewe, ambako atauona mwaka 2011. Programu za akili unde nazo zipitishwe katika maswali hayo hayo, maana hujibu kwa ufasaha hata zinapokosea, na ufasaha ndio unaowateka watoto.

Sehemu ya kazi hii haihitaji kifaa chochote. Andika ubaoni ujumbe wa kubuni unaofanana na zile zinazozunguka kwenye WhatsApp: “Feri ya Likoni haitafanya kazi kesho, mjulishe kila unayemjua.” Waulize hiyo “kesho” ni ya lini, ikiwa ujumbe hauna tarehe. Nani ameutoa? Mbona unamhimiza msomaji ausambaze kabla hajauliza? Mwanafunzi ambaye mzazi wake huvuka kila alfajiri kwenda kazini ataona mara moja hasara ya kuamini ujumbe kama huo.

Katika Hisabati na Sayansi, maji ya bahari yanakupa takwimu bora kuliko za kitabu. Chukua jedwali la kujaa na kupwa kwa maji ya Mombasa la mwezi mzima, wanafunzi waingize kimo cha maji kujaa na cha maji kupwa cha kila siku katika programu ya lahajedwali, watoe tofauti, kisha wachore grafu. Wataona tofauti hiyo ikipanda hadi zaidi ya mita 3 karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na kushuka katikati yake. Watoto wa wavuvi watakuwa wa kwanza kuvitaja vipindi hivyo kwa majina yake, bamvua na maji mafu. Waachie wao waelezee darasa grafu hiyo. Mahali ambapo nukta moja imeruka mbali na nyingine, usiirekebishe. Kundi litafute kama ni kosa la kuandika au la kusoma jedwali.

Kuhusu usalama, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya taarifa za mtoto kushughulikiwa, kwa hiyo usiweke picha wala majina ya wanafunzi mtandaoni kabla ya kuipata. Wafundishe pia kwamba nywila haipewi rafiki, kama vile namba ya siri ya M-Pesa isivyopewa mtu.

Katika tathmini, usipime jibu peke yake. Kila kundi liwasilishe pamoja na jibu maneno lililotumia kutafutia, kurasa lilizofungua na sababu ya kuukubali mmoja na kuukataa mwingine. Nusu ukurasa wa daftari unatosha. Kundi lililoleta mwaka sahihi bila kueleza lilivyoupata ningelipa alama ya kukaribia matarajio, na kundi lililokosa mwaka lakini likaonyesha mahali ambapo kurasa zake zilipingana ningelipa ya juu zaidi. Wanafunzi waambiwe utaratibu huo kabla ya kuanza kutafuta.