Kozi ya uchanganuzi na usanifu wa mifumo: namna ya kutoboa ukiwa komyuniti koleji Marekani

Kila semista ikianza watu wetu huku wanauliza swali lile lile, eti hii kozi ina programming nyingi? Haina, na hapo ndipo wengi wanaidharau, maana mtu katoka kwenye Java au Python anaona huku ni maneno na vibox tu, anaacha kusoma mpaka projekti inamkaba katikati ya semista. Kazi ya hii kozi ni kumsikiliza mtu anayefanya kazi fulani, uielewe kazi yake inavyokwenda, halafu uiandike na kuichora vizuri kiasi kwamba programa ambaye hajawahi hata kumuona yule mtu anaweza kujenga kitu sahihi. Ukilishika hilo mengine yanafuata.

Usajili tuupitie haraka. Angalia katalogi ya chuo chako inataka usome nini kabla, mara nyingi ni utangulizi wa mifumo ya habari au programming ya mwanzo, na kama kuna kozi ya database ichukue kabla au sambamba na hii, itakubeba sana. Una mpango wa kuhamia chuo kikuu? Muulize mshauri wako kwa imeili, ili jibu libaki kwenye maandishi: krediti za kozi hii chuo fulani kitazipokea kama kozi gani? Digrii ya miaka miwili ya AAS imetengenezwa zaidi kwa mtu anayetaka kuingia kazini moja kwa moja na krediti zake si zote zinahamishika, ile ya AS, nayo ya miaka miwili, ndiyo ya kuhamia nayo. Mlioko California tovuti ya ASSIST inaonyesha kozi kwa kozi inavyopokelewa UC na CSU, yaani vyuo vikuu vya umma vya huko. Na we wa viza ya mwanafunzi, F-1, usisahau, unatakiwa krediti 12 kwa semista na darasa la onlaini linalohesabika humo ni moja tu, lisilozidi krediti 3, na hii kozi vyuo vingi vinaiweka onlaini, kwa hiyo panga mapema.

Sasa projekti, maana ndiyo roho ya kozi. Profesa atakwambia tafuta biashara au ofisi uichanganue. Tafadhali usichague Amazon wala benki, huwezi kuingia ndani ukaona watu wanavyofanya kazi, utaishia kubuni. Chagua sehemu ambayo unaweza kusimama kaunta saa nzima. Mfano duka la vyakula vya kwetu, yapo Columbus, yapo Dallas, yapo Minneapolis, wanauza unga wa ugali, mihogo, samaki wakavu, na oda za nyama ya mbuzi za wikiendi zinakuja WhatsApp zikichanganyika na salamu na picha za harusi. Pale kuna shida ya kweli ya mfumo na mwenye duka anaijua vizuri kuliko mtu yeyote.

Ukienda kumhoji usiulize "mama, unataka mfumo wa aina gani?" Hilo si swali lake, atakujibu tu ili asikuvunje moyo. Muulize "shikamoo mama, oda ya mwisho iliyokuja leo ilikujaje, na ulifanya nini baada ya hapo?" halafu nyamaza uandike. Akisema "naandika kwenye daftari" mwombe ulione lile daftari. Utakuta majina, kilo, alama ya tiki kwa aliyelipa, duara kwa anayekopa, na hizo tiki na duara ndizo data zako, hakuna kitabu cha darasa kitakachokupa. Kisha uliza mambo yanayoharibika: mteja asipotokea inakuwaje? nyama ikipungua nani anakosa? Mfumo mwingi unakufa kwenye hizo kesi za pembeni. Rudi nyumbani uandike siku hiyo hiyo, ukingoja kesho nusu imepotea.

Baada ya hapo michoro. Ile ya mtiririko wa data, DFD, ndiyo inayoangusha watu zaidi kwenye mitihani, na ni kwa sababu wanaichora kama flowchati. DFD haionyeshi nini kinafanyika kwanza wala "kama ndiyo nenda huku", inaonyesha data inatoka wapi inaenda wapi, basi. Anza na mchoro wa muktadha: mchakato mmoja tu katikati, namba 0, jina "Mfumo wa oda za duka", pembeni Mteja na Muuzaji wa jumla, na mishale yenye majina. Kisha upasue: 1.0 Pokea oda, 2.0 Kagua stoo, 3.0 Agiza mzigo, 4.0 Pokea malipo, na ghala za data, yaani mahali data inapotunzwa, D1 Oda, D2 Stoo. Kila mshale uliokuwa unaingia au kutoka kwenye mchoro wa kwanza lazima uonekane na kwenye huu wa pili, profesa anaangalia hilo kabla ya kitu kingine chochote. Na huwezi kuchora mshale kutoka Mteja moja kwa moja mpaka D1, lazima data ipite kwenye mchakato, maana mteja hajiandikii mwenyewe kwenye daftari, kuna mtu anapokea. Mchakato unaopokea data bila kutoa kitu ni kosa, unaotoa bila kupokea pia ni kosa. Muulize profesa mapema mnatumia alama za Gane na Sarson au za Yourdon na DeMarco, ni mitindo miwili ya kuchora DFD, usizichanganye kwenye karatasi moja. Kuchorea tumia draw.io, ni bure na inatosha kabisa.

ERD, mchoro wa vitu unavyovitunzia data na uhusiano wake, ni rahisi zaidi ukishakuwa na lile daftari. Oda moja ina bidhaa nyingi, bidhaa moja iko kwenye oda nyingi, kwa hiyo unahitaji jedwali la katikati lenye namba ya oda, namba ya bidhaa na kilo ngapi. UML, alama za kuchora mifumo ya programu, utapewa kidogo, hasa yuzi kesi, yaani nani anautumia mfumo kufanya nini, soma mifano ya profesa wako inatosha. Historia ya wotafoli (kujenga mfumo hatua moja baada ya nyingine) na ajaili (kujenga kidogo kidogo huku unarekebisha) inatoka kwenye maswali ya kuchagua: mwaka 1970 Winston Royce aliuchora ule mtiririko wa hatua na papo hapo akaonya kwamba kuufuata hivyo hivyo ni hatari, na tamko la ajaili lilitoka 2001 huko Snowbird, Utah.

Sehemu ya gharama ndiyo inayopuuzwa. Sema kujenga mfumo ni dola 2,400 na unaokoa dola 200 kwa mwezi, watu wanaandika miezi 12 pesa imerudi. Lakini kama kuna ada ya seva na programu dola 30 kila mwezi, faida halisi ni 170, na hapo ni miezi 14 na ushee. Weka na hizo ada ndogo ndogo, ndizo zinazomuumiza mwenye duka.

Kuhusu grupu, gawaneni kazi wiki ya kwanza na muandike kwenye dokumenti moja mnayoshea, nani anafanya nini mpaka lini. Mtu anayepiga zamu za usiku weahausi aseme mapema, asiwe anatafutwa usiku wa kuamkia kukabidhi. Na kama Kiingereza cha kuandika ripoti kinakupa shida, vyuo vingi vina kituo cha kusaidia uandishi bila malipo, peleka ripoti ikiwa bado rasimu, siku kadhaa kabla.

Kabla ya siku ya kuwasilisha, kama ratiba inaruhusu, mwonyeshe mwenye duka michoro yako kabla ya profesa kuiona, mweleze kwa Kiswahili mshale kwa mshale. Akikukatiza akasema "hapana mwanangu, hapa huwa nampigia simu muuzaji kwanza", rekebisha usiku huo huo.