Programu ya mizani inazima ghafla? Iweke chini ya mkaguzi

Tunaotengeneza programu za kupimia tumbaku na asali hapa Tabora tunaijua hitilafu hii: programu inazima katikati ya mauzo, ukiiwasha tena inapiga kazi kana kwamba hakuna kilichotokea. Usianze kujaza printf (amri ya kuandika ujumbe kwenye skrini) kila mahali. Tumia AddressSanitizer, mkaguzi anayeilinda kumbukumbu wakati programu inakimbia. Kwa lugha ya C, kwa kawaida yumo tayari ndani ya gcc, kompaila inayogeuza msimbo kuwa programu, hivyo hakuli bando.

Hatua ya 1. Kompaili nakala ya majaribio:

gcc -g -O1 -fsanitize=address mizani.c -o jaribio

Ukiacha -g, ripoti haitakutajia namba ya mstari.

Hatua ya 2. Ilishe data halisi za vituoni, si zile ulizotunga mwenyewe. Kila siku ya mauzo iwe na faili lake, kisha iache kompyuta izipitie usiku:

for f in data/*.txt; do ./jaribio < "$f" 2> "$f.ripoti" || echo "$f" >> zilizokwama; done

Hatua ya 3. Fungua zilizokwama uone faili zilizozima programu, kisha soma ripoti zake taratibu. Kazi yenyewe iko hapa. Tuseme imeandika heap-buffer-overflow (umevuka mpaka wa nafasi uliyoomba), WRITE of size 17, na chini yake 16-byte region. Yaani uliomba baiti 16, ukaandika 17. Majina mafupi ya maeneo kama Sikonge, Nzega na Kaliua yanaenea vizuri. "Urambo Mashariki" ina herufi 16 pamoja na nafasi ya katikati, na C huongeza sifuri ya kufungia neno. Kwenye Linux ya biti 64, malloc(16), yaani ombi la baiti 16, kwa kawaida hukupa baiti 24, ndiyo maana kosa hili huweza kujificha msimu mzima mpaka lije jina refu zaidi.

Tafuta mstari wa kwanza unaotaja mizani.c: hapo ndipo ulipovuka mpaka. Kisha shuka hadi "allocated by", ilipoombwa nafasi. Mara nyingi tiba iko huku:

malloc(strlen(eneo) + 1)

strlen huhesabu herufi za jina, na + 1 ni ya ile sifuri.

Hatua ya 4. Rekebisha, kompaili, rudia faili lilelile. Mkaguzi husimama kwenye kosa la kwanza, kwa hiyo la pili huenda likajitokeza sasa. Faili lililokwamisha programu usilifute. Lipitishe kila unapobadilisha msimbo.

Hatua ya 5. Kituoni peleka programu iliyokompailiwa bila -fsanitize. Ya majaribio huchukua takriban mara 2 ya muda wa kawaida na hula kumbukumbu zaidi, na mkulima aliyefika na mzigo wake alfajiri hastahili kusubirishwa. Kama huwezi kukompaili upya, tumia Valgrind, mkaguzi mwingine wa kumbukumbu, ila itakwenda polepole mara 20 hadi 30.