Kuhamia domeni mpya bila kupoteza nafasi kwenye Google

Andika kwanza orodha ya anwani zote za zamani, kisha elekeza kila ukurasa kwa mwenzake mpya kwa msimbo 301, unaoeleza kuwa uhamisho ni wa kudumu. Usizirundike zote kwenye ukurasa wa mwanzo: Google huweza kuzihesabu kama kurasa zisizokuwepo, na nafasi zake zikapotea. Hapa ndipo wengi wanapoumia.

Kwenye Search Console, zana ya Google kwa wenye tovuti, thibitisha umiliki wa domeni zote mbili, tumia zana ya kubadilisha anwani, halafu wasilisha ramani mpya ya tovuti (sitemap), yaani orodha ya kurasa zake. Rekebisha pia viungo vya ndani vielekee kwenye domeni mpya.

Usibadilishe muundo wala maandishi wiki hiyohiyo. Wageni wakipungua hutajua chanzo. Domeni ya zamani iendelee kulipiwa, na maelekezo ya 301 yabaki angalau mwaka 1.